Stesheni Huku, Uwanja wa Ndege Kule

Siku hizi ukikaa na watu wa Maswa, hasa wale wa upande wa Malampaka, robo saa haipiti kabla hujasikia habari za reli mpya. Itakwisha lini? Nauli itakuwa kiasi gani? Mtu ataondoka Malampaka saa ngapi, naye ataiona Dar es Salaam saa ngapi? Ni maswali mema. Lakini liko swali jingine ambalo sijasikia likiulizwa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: ukishateremka katika treni hiyo na mzigo wako kichwani, unaendaje kule ulikokuwa unakwenda hasa?

Maana stesheni si mwisho wa safari ya mtu yeyote, ila labda bwana stesheni mwenyewe. Mwingine anakwenda hospitali, mwingine chuoni, mwingine sokoni, na siku hizi wengi kuliko tunavyodhani wanakwenda kupanda ndege. Usicheke. Zamani mtu wa kwetu aliyepanda ndege alisimuliwa kijiji kizima. Leo katika jumuiya zetu ndogo ndogo yupo aliye na binti anayefanya kazi Uarabuni, yupo mwenye kijana anayesoma ng'ambo, yupo sista aliyehamishiwa nchi nyingine. Yupo pia mgonjwa asiyeweza kuvumilia basi la siku nzima. Na wapo wale wanaokwenda kupokea sanduku la marehemu wao. Hao wote si matajiri. Wamechanga, wameuza ng'ombe, wamekopa. Kwao, kuikosa ndege si jambo la kuchekesha hata kidogo, kwani tiketi za bei ya chini kwa kawaida hazirudishiwi fedha.

Tuchukue mfano. Mzee wa Dutwa ana mkewe aliyelazwa Bugando, hospitali ile ya Maaskofu wetu iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima pale Mwanza. Madaktari wamemwandikia aende Muhimbili, na watoto wamechanga nauli ya ndege kwa sababu mama hawezi kukaa. Mzee anapanda basi moja tu, Dutwa hadi Lamadi, kisha Magu, Kisesa, na kushuka stendi ya Nyamhongolo. Zaidi ya kilomita mia, basi moja, nauli moja. Hapo ndipo mambo yanapoanza. Kutoka Nyamhongolo hadi Bugando ni gari jingine. Kutoka Bugando hadi uwanja wa ndege, huko Ilemela, ni kilomita 10 hivi, na mgonjwa hapandishwi bodaboda, basi ni teksi. Ndege inavuka zaidi ya kilomita 800 kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Inatua Dar es Salaam, katika uwanja wa Julius Nyerere, ulio kilomita 12 tu kutoka katikati ya mji. Kilomita hizo 12 jioni yenye foleni zaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yote ya angani.

Umeona? Sehemu ndefu za safari ni nyepesi. Taabu iko kwenye viungo, kama ilivyo kwa mzee mwenye baridi yabisi: mifupa mirefu haimuumi, yaumia magoti na vifundo.

Sasa, nchi nyingi zilizo na miji mikubwa zimejaribu kuponya kiungo hiki kwa treni. Zipo treni nyepesi za mjini, mabehewa mawili matatu yanayokwenda kwa umeme, husimama kila baada ya muda mfupi kama daladala, watu huingia na kutoka. Na zipo treni za uwanja wa ndege, ambazo husimama mahali pachache, huenda mbio, na zina nafasi ya kuweka masanduku. Mtu angedhani kuziunganisha hizi mbili ni kazi rahisi: chuma ni chuma, unaunga reli na reli, kwisha. Sivyo.

Kizuizi cha kwanza ni upana. Mkulima yeyote wa kwetu aelewa jambo hili. Mkokoteni wa ng'ombe ukipita njia ileile masika hadi masika, magurudumu huchimba mifereji miwili. Mkokoteni mwingine wenye ekseli pana zaidi ukija, gurudumu moja litakaa ndani ya mfereji na jingine litapanda ukingo. Treni ni hivyo hivyo, tena hakuna kupanda ukingo, ni kuanguka. Na katika mji mmoja wa Dar es Salaam, msomaji wangu, kuna mifereji ya namna tatu! Reli ya kati ya zamani, iliyoanzishwa na Wajerumani na kufikishwa Mwanza na Waingereza mwaka 1928, ina upana wa sentimita 100. TAZARA, iliyojengwa pamoja na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, ina sentimita 106 na kitu, kwa kuwa ilitakiwa ilingane na reli za Zambia na za kusini. Reli mpya ya kisasa, SGR, ina sentimita 143 na nusu. Behewa la moja halikanyagi njia ya mwenzake. Kule Kidatu ilibidi pajengwe mahali maalumu pa kuhamishia shehena kutoka reli hii kwenda ile.

Basi tazama yaliyotokea Dar es Salaam. Oktoba 2012 wakazi wa mji walifurahi kupata treni za mjini, zile walizoziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Moja ilikwenda kwa reli ya kati kutoka mjini hadi Ubungo Maziwa. Nyingine ilikwenda kwa reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Mwaka 2016 ikaongezwa ya kwenda Pugu kwa reli ya kati, ikipitia Vingunguti, Karakata na Gongo la Mboto. Ukiujua mji ule, utagundua kwamba njia hiyo ya Pugu hupita jirani kabisa na uwanja wa ndege. Kisha ikaja SGR yenyewe: tarehe 14 Juni 2024 ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro, tarehe 25 Julai ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Treni ya umeme, mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Stesheni yake ya mjini imejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite. Nayo pia, ikitoka mjini kwenda Pugu, hupita upande uleule wa uwanja wa ndege.

Na uwanja wenyewe ulipanuliwa: jengo la tatu la abiria lilifunguliwa Agosti 2019, kubwa, la kisasa, lenye uwezo wa abiria milioni sita kwa mwaka. Hivyo tuna jengo jipya la ndege, tuna reli mpya, na vyote ni jirani. Lakini hakuna stesheni ndani ya uwanja. Abiria aliyetoka Dodoma kwa SGR naye ana ndege usiku, treni inampitisha karibu na ndege yake, inampeleka hadi katikati ya mji, naye anageuka na kurudi alikotoka kwa teksi. Au ateremke Pugu, kama treni yake husimama hapo, kisha atafute gari la kurudi kuelekea mjini.

(Kwa wale wanaopenda historia ya Kanisa: Pugu hiyo ndiko wamisionari Wabenedikto walikoanza kazi mwaka 1888, na ndiko baadhi yao walikouawa Januari 1889. Ndiko pia Mwalimu Nyerere alikofundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Kwa hiyo anayeshuka Pugu si kwamba amepoteza safari kabisa.)

Sisemi haya kwa kuwalaumu waliojenga. Reli ile imejengwa kwanza kwa ajili ya mizigo na safari ndefu, na fedha haziwezi kumaliza yote siku moja. Aidha, barabara ya mabasi yaendayo haraka ya awamu ya tatu imejengwa kufuata barabara ya Nyerere, kutoka mjini hadi Gongo la Mboto, nayo inapita mbele ya uwanja wa ndege. Huo ni uzima. Ila nataka mwone kwamba vitu viwili kuwa jirani si sawa na vitu viwili kuunganishwa. Ng'ombe na kisima vyaweza kuwa jirani, lakini kama ukuta uko katikati, ng'ombe atakufa kwa kiu.

Majirani zetu wa Kenya wamepitia hayo hayo kabla yetu. Novemba 2012 walifungua stesheni mpya ya Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, kwa treni za kwenda mjini, kwa reli ya zamani ya sentimita 100. Uwanja wa Jomo Kenyatta haukuwa mbali na hapo. Tarehe 31 Mei 2017 wakazindua reli yao mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ile ya Madaraka Express, nayo ikaishia papo hapo Syokimau, haikuingia mjini. Abiria anayetoka Mombasa akitaka kufika katikati ya Nairobi hubadili treni: anashuka katika reli pana, anapanda ile nyembamba. Kwa hili nawasifu, kwani treni za kupokezana ziliwekwa. Lakini anayetaka ndege hutoka nje na kutafuta gari, ingawa uwanja uko jirani. Na upande wa Mombasa hali ilikuwa ngumu zaidi. Stesheni mpya iliwekwa Miritini, nje ya kisiwa, na kwa miaka mingi abiria aliyefika hapo usiku alikabidhiwa kwa matatu na teksi. Watu walisema, na si uongo, kwamba mara nyingine kiungo hicho kifupi kiliwachosha kuliko treni yenyewe.

Twende Ethiopia. Addis Ababa walipata treni nyepesi za mjini Septemba 2015, njia mbili, jumla ya kilomita 34 hivi. Njia moja inakwenda mashariki na magharibi, nyingine kaskazini na kusini, na katikati ya mji zinatumia reli moja kwa pamoja kabla ya kuachana. Mpango mzuri, kwa maana mtu hubadili treni bila kutembea mbali. Lakini njia zote mbili haziugusi uwanja wa Bole, nao ni mmoja wa viwanja vikubwa kabisa vya Afrika, wala hauko mbali na katikati ya mji. Tena reli yao mpya ya kutoka Djibouti iliishia nje ya mji, mahali ambapo treni za mjini hazifiki. Vitu vitatu, treni ya mbali, treni ya mjini, na ndege, kila kimoja kimekaa kwake kama majirani waliogombana. Kisha likaja pigo jingine: treni 41 zilinunuliwa, lakini miaka ilivyopita nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri. Hili nalo tuliweke akilini. Kiungo cha chuma chahitaji mafuta na spana kila siku, si siku ya kukata utepe tu.

Je, wapo waliofaulu? Wapo. Huko Afrika ya Kusini, tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, ilianza treni iitwayo Gautrain kati ya Sandton na uwanja wa O.R. Tambo wa Johannesburg. Stesheni iko palepale penye jengo la abiria. Unashuka katika ndege, unatembea na mzigo wako ndani ya nyumba, unaingia katika treni, na robo saa haiishi umefika. Kwenye stesheni nyingine yako mabasi ya treni hiyo yenyewe, yanayowangoja abiria kuwapeleka mitaani. Hayo mabasi ndiyo niliyoyapenda kuliko treni. Hata hivyo Gautrain haikuponya kila kidonda. Reli yake ni pana, zile za treni za wafanyakazi wa kawaida ni nyembamba, kwa hiyo kila moja inakwenda kivyake. Nauli ya kwenda uwanja wa ndege ni ya juu. Wala haitembei usiku kucha, na ndege hazingoji kulipambazuke.

London walihitaji majaribio matatu. Mwaka 1977 waliifikisha treni yao ya chini ya ardhi hadi uwanja wa Heathrow. Nauli ilikuwa nafuu, lakini inasimama kila mahali, na mwenye masanduku husongamana na watu wanaokwenda kazini. Mwaka 1998 wakaweka treni ya mbio, dakika 15 tu hadi stesheni ya Paddington. Mbio kweli! Lakini Paddington iko upande wa magharibi wa mji, na nauli yake ilikuwa kali. Abiria aliyekimbizwa kwa dakika 15 akajikuta anabeba sanduku ngazini kutafuta treni ya pili. Ndipo mwaka 2022 wakafungua njia mpya iitwayo Elizabeth, inayotoka uwanjani na kupita katikati ya mji wote hadi upande wa pili, kwa tiketi ileile wanayotumia kwenye treni nyingine za mji. Miaka 45 kutoka jaribio la kwanza hadi la tatu, tena kwa watu wenye fedha nyingi.

Ukiyatazama yote hayo, utaona kwamba kiungo chema hakipimwi kwa mbio za treni. Kinapimwa kwa mambo ya kawaida sana. Abiria anatembea hatua ngapi kutoka mlango mmoja hadi wa pili? Je, anatembea juani au kwenye mvua? Kuna ngazi tu, au kuna njia ya kiti cha magurudumu? Kuna choo? Tiketi moja inatosha, au ananunua upya kila anapogeuka? Na kubwa kuliko yote: chombo cha pili kinamngoja? Kwa maana treni ikifika saa nne kamili na basi likaondoka saa nne kasoro dakika tano, basi hilo halipo, hata kama limeandikwa ukutani.

Ndiyo maana mimi, nikiulizwa, siombi treni ya uwanja wa ndege pale Mwanza. Labda wajukuu wetu wataiomba. Ujenzi wa SGR kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, uliwekewa jiwe la msingi pale Fela mwezi Juni 2021. Siku treni zitakapoanza kutembea, mtu wa Shinyanga au wa Malampaka ataingia Mwanza mapema kuliko sasa. Lakini uwanja wa ndege uko Ilemela, upande mwingine wa mji, na stendi ya mabasi yetu iko Nyamhongolo, kwenye barabara ya Musoma. Hizo ni pembe tatu za mji. Dawa yake ni ya bei nafuu: basi moja la kawaida, safi, lenye mahali pa mizigo, linalozunguka stesheni, Bugando, Nyamhongolo na uwanja wa ndege, saa zake zikiwa zimepangwa kufuata saa za treni na za ndege. Njia za daladala na mabasi hutolewa leseni na LATRA, na nauli zake hupangwa huko. Kwa hiyo si ndoto. Ni jambo la mtu kuliomba mapema, kabla kila mwenye gari hajajizoesha kumkamua abiria mlangoni pa stesheni.

Na hapa kwetu Simiyu, kiungo chetu ni Malampaka. Wazee wanaijua. Tangu reli ya mwaka 1928, hiyo ndiyo stesheni iliyokuwa karibu na watu wa Maswa. Mtu wa Bariadi, wa Itilima, wa Meatu, ili afaidi reli mpya, itambidi afike Malampaka kwanza, na arudi nyumbani kutoka Malampaka. Barabara ya lami ya Bariadi hadi Maswa tunayo, tunashukuru. Kutoka Maswa mjini hadi Malampaka je, masika gari litapita kila siku? Treni ikishusha watu usiku, watalala wapi? Kuna mahali pa mama mwenye mtoto mchanga kukaa hadi kupambazuke, au atakaa nje penye giza na vibaka? Maswali haya yana mahali pa kuulizwa: mkutano wa kijiji, kwa diwani, na kila wanapokuja wataalamu kukusanya maoni. Tumezoea kuwauliza wakubwa, “Mtatuletea lini?” Tuwaulize pia, “Ikifika saa sita usiku, gari la Bariadi litakuwa limeegeshwa wapi?” Swali kama hilo halijibiwi kwa makofi.

Hayo ni ya mbele. Sasa niseme ya leo, kwa wale ambao safari yao ni mwezi huu au ujao.

Kazi yangu ya ukarani parokiani hunifanya nisomee watu tiketi zao, za ndege na za treni. Naona kosa moja likirudi tena na tena, nalo huwafanya watu wakose vyombo kuliko hata foleni. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi si saa zetu. Ukiona 06:10, hiyo ni saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, si saa sita. Ukiona 18:10, ni saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Hiyo watu wengi sasa wanaijua. Lakini hatari yenyewe ni saa za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa tarehe 15, saa 00:40, maana yake ni saa sita na dakika arobaini ya usiku ule unaoanza jioni ya tarehe 14. Jua la tarehe 14 likizama, wewe uwe njiani kwenda uwanjani. Ukingoja usiku wa tarehe 15, ndege yako itakuwa imeondoka siku nzima iliyopita. Ndege nyingi za kwenda nchi za Uarabuni na Ulaya huruka usiku, kwa hiyo mwenye binti anayesafiri huko na alisome hili mara mbili.

La pili, saa iliyoandikwa ni ya kuruka, si ya kufika uwanjani. Meza ya kupokea mizigo hufungwa kabla, mara nyingi nusu saa au zaidi, na ukishafungiwa hakuna machozi yanayofungua. Kwa ndege za ndani ya nchi fika saa mbili kabla, kwa za nje saa tatu. SGR nayo ina ukaguzi wa mizigo na vitambulisho kama wa uwanja wa ndege, basi usiifikirie kama lile garimoshi la zamani ambalo mtu alilikimbilia likiwa limekwisha anza kutembea.

La tatu ni hesabu ya viungo. Kaa chini na karatasi. Andika kila mahali utakaposhuka chombo kimoja na kupanda kingine, na kwa kila mahali weka saa nzima ya akiba. Kama una mgonjwa, weka saa mbili. Kutoka Bariadi hadi ndege ya Mwanza utapata viungo viwili au vitatu. Ukikuta hesabu inakutaka uondoke nyumbani usiku wa manane, basi usijidanganye, ondoka jana yake ukalale Mwanza. Kitanda cha usiku mmoja, au mkeka kwa ndugu, ni rahisi kuliko tiketi mpya. Nauli ya teksi patana kabla ya kuingia, na mtaje dereva jina kamili la mahali, kwa sababu pale Dar es Salaam uwanja wa ndege una majengo zaidi ya moja ya abiria, na ukishushwa kwenye jengo lisilo lako utajikuta unakimbia na masanduku.

Wanaoogopa kuruka nawakumbusha kwamba mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano alimtangaza Mama Yetu wa Loreto kuwa msimamizi wa warukao angani. Watu wa barabara ya kwenda uwanja wa ndege hawakutajwa, nao ndio wanaohitaji sala nyingi zaidi.

Na tiketi yako ikishafika, hata ikiwa ni ujumbe wa simu tu, ilete ofisini tuisome pamoja, siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Kama uko mbali na parokia yetu, mpelekee katekista wako au mwalimu wa shule, na umwombe akuandikie saa ya Kiswahili kwa herufi kubwa, na siku ya kuondoka nyumbani.